Ulaya karibu haichimbi urani tena, lakini inauza urani dunia nzima. Tuifuate njia yake kabla ya kuhesabu tani za Namtumbo

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Rais Samia azindue mradi wa Mto Mkuju pale Namtumbo, mkoani Ruvuma, Julai 2025, humu jukwaani nyuzi za urani zimekuwa nyingi, na karibu zote zinazunguka swali moja: zitatoka tani ngapi na serikali itabaki na nini. Ni swali la haki. Ila naomba huu uzi tuuanzie ng'ambo, kwa wanaoupokea mzigo, wanaousindika na kuuuza tena, kwa sababu huko ndiko bei ya mwisho inakopangwa.

Nikisema Ulaya hapa namaanisha Umoja wa Ulaya pamoja na Uingereza. Urusi nitaigusa kama mshindani, na Ukraine ina migodi yake yenyewe. Katika Ulaya hiyo mgodi wa mwisho wa urani wa chini ya ardhi wa Czech, Rožná, ulifungwa Aprili 2017. Ufaransa ilifunga wa kwake wa mwisho mwaka 2001. Kinachotoka sasa ni kidogo sana, mfano Finland, ambako kampuni ya Terrafame ilianza mwaka 2024 kukusanya urani inayotoka pamoja na nikeli na zinki. Pamoja na ukame huo, meli zinaondoka bandari za Ulaya zikiwa na urani kwenda Marekani, Japani, Korea Kusini, Brazil na kwingineko. Inawezekanaje?

Jibu fupi ni kwamba Ulaya inauza kazi iliyofanywa juu ya madini ya watu wengine. Jibu refu linafuata. Nivumilieni mabandiko mawili matatu, halafu maswali.

Mleta mada

Kwanza historia, maana Ulaya haikuzaliwa bila migodi.

Urani ilitambuliwa na mkemia Klaproth mwaka 1789 kutoka kwenye mawe ya milima ile inayogawa Saxony na Bohemia. Marie Curie alipata mawe yake kutoka Jáchymov, upande wa Czech. Baada ya Vita Kuu ya Pili, milima hiyohiyo ikawa ghala la Umoja wa Kisovieti. Upande wa Ujerumani Mashariki kampuni ya Wismut ilichimba kuanzia 1946 hadi 1990 na kutoa zaidi ya tani 200,000 za urani, kiasi kilichoiweka miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa duniani kwa wakati wake. Mzigo ulikwenda Urusi. Kule Jáchymov walichimbishwa wafungwa, wengi wao wa kisiasa. Kwa hiyo mauzo ya kwanza makubwa ya urani ya Ulaya yalikuwa ya malighafi, na aliyepanga bei alikuwa mnunuzi. Nasisitiza hili kwa sababu baadhi yetu tunadhani kuuza mawe ghafi ni laana ya Afrika peke yake. Wajerumani walilipitia, na gharama ya kusafisha mashimo ya Wismut baada ya nchi kuungana mwaka 1990 imekula mabilioni ya euro kutoka mfuko wa umma.

Ufaransa ilichukua njia nyingine. Ilichimba kwao, hasa Limousin, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, na wakati inachimba ikajenga viwanda. Baadaye ikahamishia uchimbaji Gabon na Niger (Arlit ilianza uzalishaji 1971), lakini viwanda vikabaki Ufaransa. Migodi ya nyumbani ilipofungwa, viwanda havikufungwa. Hapo ndipo pa kuelewa mambo yote ya leo.

Mleta mada

Sasa njia yenyewe, kwa lugha ya kawaida.

Mgodini jiwe linasagwa, linaoshwa kwa kemikali, linatoka unga wa rangi ya njano au kahawia. Huo unawekwa kwenye mapipa ya chuma na kusafirishwa. Hapa ndipo nchi nyingi za Kiafrika zinapoishia.

Unga unageuzwa kuwa gesi, heksafloridi ya urani. Nchi za Magharibi zina sehemu chache tu za kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa: Ufaransa (Malvési karibu na Narbonne, kisha Tricastin), Port Hope kule Canada, na Metropolis kule Illinois, ambao ulisimama 2017 ukarudi kazini 2023.

Gesi inarutubishwa. Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya ile aina inayopasuka kirahisi, U-235. Vinu vingi vya nyuklia vinataka kati ya asilimia 3 na 5. Mashinepewa, yaani mitungi myembamba inayozunguka kwa kasi ya ajabu, ndizo zinazotenganisha nyepesi na nzito. Ulaya ina majina mawili makubwa hapa. Urenco ilizaliwa na Mkataba wa Almelo wa 1970 kati ya Uingereza, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Ina mitambo Capenhurst (Uingereza), Almelo (Uholanzi) na Gronau (Ujerumani), na mmoja Eunice, New Mexico. Orano ya Ufaransa ina mtambo wa Georges Besse II pale Tricastin, uliorithi kazi ya ule wa zamani uliozimwa 2012. Ule wa zamani ulikuwa mlafi wa umeme kiasi kwamba vinu vitatu kati ya vinne vilivyojengwa pembeni yake vilikuwa vinauhudumia wenyewe. Mashinepewa zinafanya kazi ileile kwa umeme pungufu kama mara 50.

Mwisho gesi inarudishwa kuwa unga, inafinyangwa vidonge na kuingizwa kwenye fito. Ulaya inafanya hivyo Västerås (Sweden), Lingen (Ujerumani), Romans (Ufaransa), Juzbado (Hispania) na Springfields (Uingereza).

Biashara ya kurutubisha inafanana na mashine ya kukoboa mpunga. Kampuni ya umeme ya Japani inanunua unga Canada au Namibia, inaupeleka ukageuzwe gesi, inailipa Urenco kukoboa, inaondoka na mchele. Pumba, ambazo humu nitaziita makapi, kwa kawaida zinabaki kwa mwenye mashine. Kinacholipwa ni kipimo cha kazi ya kutenganisha, na kipimo hicho kina bei yake sokoni kama ilivyo dhahabu.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu umeeleza vizuri sana. Mimi ni mtu wa forodha. Nimejaribu kutafuta takwimu za Ulaya kuuza nje madini ya urani, naona sifuri na vijisenti. Ukisema ni wauzaji wakubwa unatumia takwimu zipi?

Mleta mada

Swali zuri, na hapa wengi wanapotea. Ukitafuta kwa namba ya forodha 2612, ambayo ni mawe na makinikia ya urani na thori, hutakuta kitu cha maana. Hata unga wa mgodini mara nyingi haupiti hapo. Nenda 2844: urani ya asili na misombo yake ni 2844.10, iliyorutubishwa ni 2844.20, makapi ni 2844.30. Fito zilizokamilika ziko mbali kabisa, 8401.30, pamoja na mitambo.

Hata hapo soma kwa tahadhari. Mwenye urani anaweza kuwa Mkorea, mrutubishaji Mholanzi, na gesi ikavuka mpaka wa Uholanzi mara mbili bila Mholanzi kuimiliki hata siku moja. Zaidi ya hapo kuna kubadilishana kwenye vitabu: wewe una tani zako Canada, mimi nina zangu Tricastin, tunabadilishana umiliki na hakuna meli inayong'oa nanga. Kwa sababu hiyo takwimu za mwaka mmoja zinaweza kupanda au kuporomoka bila viwanda kubadilisha chochote. Ukitaka mwelekeo wa kweli, tazama uwezo wa mitambo, bei ya kipimo cha kazi, na ripoti za kila mwaka za Wakala wa Ugavi wa Euratom, yaani Jumuiya ya Nishati ya Atomiki ya Ulaya.

Wakala huo nao unastahili sentensi mbili. Chini ya Mkataba wa Euratom wa 1957, mikataba ya ugavi wa madini na fueli ya nyuklia katika nchi wanachama inapitia kwake, na madini yaliyozalishwa ndani yakitaka kuuzwa nje, Tume ya Ulaya lazima iidhinishe. Waliweka utaratibu huo wakati Ulaya bado inachimba, wakiogopa upungufu.

Mchangiaji, Lubumbashi

Ndugu, mnaongea Ufaransa na Ujerumani, na huku kwetu Katanga? Mgodi wa Shinkolobwe hauwezi kukosekana katika hadithi hiyo.

Mleta mada

Una haki kabisa ndugu yangu, na nilikuwa naiweka mahali pake. Shinkolobwe ndiyo iliyoifundisha Ulaya biashara hii. Union Minière, kampuni ya Kibelgiji, walianza kuchimba pale mwaka 1921, na mawe yakapelekwa Olen nchini Ubelgiji kusafishwa. Walichokitaka wakati ule kilikuwa radiamu, iliyouzwa kwa gramu kwa bei ya kutisha. Urani ilikuwa masalia. Ubelgiji, isiyo na mgodi wowote wa radiamu, ikatawala soko la radiamu duniani. Kisha mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni hiyo, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, na Wamarekani walipoanza mradi wa bomu wakayakuta yako tayari. Mawe ya Katanga yaliingia katika mradi huo kwa wingi kuliko ya mahali pengine popote.

Wachimbaji wa Shinkolobwe walifanya kazi bila kinga na bila kuelezwa wanashika nini. Majina yao hayamo katika vitabu vya Olen, na kila anayeandika historia ya urani ya Ulaya ana deni kwao.

Mleta mada

Turudi kwenye mwelekeo wa sasa, maana hapa ndipo moto ulipo.

Baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, Japani ilizima vinu vyake, na warutubishaji wakabaki na mashine zinazozunguka bila wateja wa kutosha. Mashinepewa hazipendi kusimamishwa, kwa hiyo ziliendelea kuzunguka. Hebu tazama walichofanya. Kilo moja ya urani iliyorutubishwa hadi asilimia 4.5, ukiacha makapi yenye 0.30 ya U-235, inakula kama kilo 10.2 za urani ya asili na vipimo 6.2 vya kazi. Ukiyakamua makapi hadi 0.20, inakula kilo 8.4 tu za urani na vipimo 7.7. Mteja alileta urani ya kutosha hesabu ya kwanza. Mrutubishaji mwenye mashine za ziada akakamua zaidi, na kilo karibu mbili zilizookolewa akaziuza kama urani ya asili. Ulaya ikawa inauza urani ambayo haikuchimbwa na mtu yeyote mwaka huo. Kwa miaka kadhaa mashinepewa za dunia, za Ulaya na za Urusi, zilikuwa sawa na mgodi mkubwa usio na shimo, na ule "mgodi" ulisaidia kuiponda bei. Mwishoni mwa 2016 ratili moja ya unga ilishuka hadi kama dola 18. Mgodi wa Kayelekera kule Malawi ulishafungwa 2014. Namtumbo ikawekwa kando kwa sababu hiyohiyo ya bei.

Mwaka 2022 upepo ukageuka. Urusi ina zaidi ya asilimia 40 ya uwezo wote wa kurutubisha duniani, na ilipoivamia Ukraine kampuni za umeme za Magharibi zikaanza kukimbilia Urenco na Orano. Mei 2024 Marekani ikapitisha sheria ya kupiga marufuku urani iliyorutubishwa Urusi, ikaanza kutumika Agosti, na misamaha inaruhusiwa hadi mwisho wa 2027. Novemba 2024 Urusi nayo ikaweka vikwazo vya kuiuzia Marekani. Kipimo cha kazi kilichokuwa chini ya dola 60 kabla ya vita kikapita dola 180. Unga wenyewe ulivuka dola 100 kwa ratili Januari 2024, ukashuka tena baadaye.

Ulaya ikajibu kwa kupanua. Orano iliamua Oktoba 2023 kuongeza uwezo wa Tricastin kwa zaidi ya asilimia 30, na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya ikaikopesha euro milioni 400 mwaka 2025. Urenco inaongeza mashine Almelo, Gronau na Eunice. Serikali ya Uingereza iliipa Urenco pauni milioni 196 mwaka 2024 kujenga Capenhurst mtambo wa fueli yenye urutubisho wa juu zaidi, kwa vinu vya kizazi kijacho. Västerås nayo imekuwa mkombozi wa vinu vya muundo wa Kisovieti: Ukraine, Bulgaria na wengine waliokuwa wakitegemea fito za Urusi sasa wanapakia za Sweden.

Mchangiaji, Münster, Ujerumani

Niko karibu na Gronau, mwendo mfupi kwa treni. Naomba niongeze jambo, maana watu nyumbani hawaamini nikiwasimulia. Ujerumani ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Gronau na Lingen hazikuguswa! Nchi haina kinu hata kimoja cha umeme wa nyuklia na bado inarutubisha urani na kutengeneza fito za kuuza nje. Wanaharakati wa huku wanaandamana kuhusu usafirishaji, hasa yale makapi yaliyokuwa yanapelekwa Urusi.

Mleta mada

Asante kwa ushuhuda huo. Na umegusa upande wa mauzo ya nje ambao Ulaya haijivunii. Kati ya 1996 na 2009 Gronau ilipeleka Urusi zaidi ya tani 20,000 za makapi, ikaanza tena 2019. Ufaransa nayo imepeleka Seversk, Siberia, urani iliyotolewa kwenye fueli iliyotumika. Kwenye makaratasi inaitwa malighafi ya kurutubishwa upya, na kweli sehemu ilirutubishwa. Lakini sehemu kubwa ya uzito haikurudi. Ukichukua zile kilo 8.4 nilizotaja, kilo 7.4 ni makapi. Biashara ya kurutubisha, kwa uzito, ni kiwanda cha makapi.

Wafaransa sasa wanayaondolea florini pale Tricastin na kuyahifadhi kama unga mweusi, mengine Bessines, Limousin, mahali palepale walipochimba urani zamani. Hilo naliheshimu. Mwenye mashine amekubali kuwa pumba ni zake.

Mchangiaji, Songea

Mkuu mleta mada, mimi ni mtu wa Ruvuma na jambo hili kwangu si la kusoma tu. Kwa maelezo yako basi unga wetu hauna thamani? Tunachimba ili wengine watajirike?

Mleta mada

Hapana, na naomba sana nisieleweke hivyo. Tupige hesabu. Kilo moja iliyorutubishwa kwa mfano wangu wa pili inahitaji ratili kama 22 za unga. Kwa dola 80 kwa ratili, unga pekee ni kama dola 1,750. Kazi ya kurutubisha, vipimo 7.7 kwa dola 180, ni kama dola 1,390. Kugeuza kuwa gesi kunaongeza mia kadhaa. Kwa hiyo unga bado ndio sehemu kubwa kuliko zote. Anayekuambia malighafi ni bure anakupotosha.

Tofauti iko kwenye uimara. Rudisha bei ya 2016 na zile dola 1,750 zinakuwa chini ya 400, mgodi unafungwa na vijana wa Likuyu wanarudi nyumbani. Almelo haikufungwa mwaka 2016. Ilikuwa na mikataba ya miaka mingi, na ilikuwa na ule ujanja wa kukamua makapi ili iuze urani kushindana na mgodi. Mrutubishaji ana mkono kwenye mizani yote miwili.

Na sasa habari njema kwa Ruvuma. Vipimo vya kazi vikiwa ghali kama leo, warutubishaji wanaacha kukamua, wanaacha makapi yenye urani zaidi, na dunia inahitaji unga mwingi zaidi kwa fito zilezile. Kwa hiyo upungufu wa mashinepewa Ulaya unaongeza hamu ya unga wa Namtumbo. Mitambo mipya ya Tricastin na Almelo ikikamilika, hamu hiyo inaweza kupungua tena. Anayesimamia mkataba wetu afuatilie ratiba za upanuzi huo kama anavyofuatilia bei.

Mchangiaji, Arusha

Kwa nini tusirutubishe wenyewe hapa nchini?

Mleta mada

Kwa mgodi mmoja haitalipa, na siasa yake ni nzito. Teknolojia ya mashinepewa inalindwa kuliko karibu kitu kingine chochote, na sababu inajulikana: A. Q. Khan, mwanasayansi wa Pakistan, alifanya kazi Uholanzi miaka ya 1970 katika kampuni iliyohudumia Almelo, akaondoka na michoro, na Pakistan ikapata bomu. Hata Wafaransa, wenye silaha zao, walilazimika kuingia ubia na Urenco kupata mashine za Georges Besse II, kwa mkataba wa serikali uliotiwa saini Cardiff 2005. Emirati, ambao fedha si tatizo kwao, waliahidi kutorutubisha kabisa na wakanunua huduma kwa ajili ya vinu vya Barakah kutoka kwa kampuni kadhaa, zikiwemo Urenco, Areva ya Ufaransa (ambayo sasa ni Orano), na Tenex ya Urusi. Afrika Kusini wana kituo cha umeme wa nyuklia cha Koeberg na wananunua fito kwa Framatome na Westinghouse.

Mchangiaji, Songea

Basi niulize la mwisho. Huo unga wetu wa Mkuju utapita kwenye hizo njia za Ulaya?

Mleta mada

Si lazima. Mwenye mradi ni Uranium One, na juu yake ni Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, ambao wana mitambo yao ya kugeuza gesi na kurutubisha huko Siberia na Ural. Wakiupeleka huko, fueli itakayotoka ni ya Urusi machoni pa sheria ya Marekani, na sheria hiyo imewekwa hadi mwisho wa 2040. Tume ya Ulaya nayo imetangaza nia ya kujiondoa taratibu kwenye fueli ya Urusi. Lakini unga wenyewe, ukiwa bado unga wa Tanzania ndani ya mapipa pale bandarini Dar, haujafungiwa soko na hizo sheria. Unaweza kwenda Malvési, Port Hope au Metropolis.

Kwa hiyo wewe uliye Ruvuma, mbunge wenu akija, mwombe asome kifungu cha mauzo. Mkataba unaruhusu unga kuuzwa kwa mgeuzaji yeyote, au umefungwa kwa mnunuzi mmoja wa kundi lile lile la mwenye mgodi? Na mrabaha unakokotolewa kwa bei gani: ya soko la wazi siku ya kupakia, au ya bei waliyopangiana kampuni mama na mtoto wake?